Kiuno kinakusumbua? Soma haya kabla ya kununua mashine

MWEZI uliopita nilipokea barua ya dada mmoja ambaye ni fundi wa kushona nguo huko Kariobangi, Nairobi. Kiuno chake kimemsumbua kwa zaidi ya miaka miwili. "Nikiketi kwenye cherehani saa moja, naamka nimejipinda kama ajuza," aliandika. Amemeza dawa za kutuliza maumivu mpaka tumbo likaanza kumchoma. Amedungwa sindano. Amepigwa picha ya MRI kwa pesa za mkopo, akaambiwa kwamba diski mbili za mgongo wake zimetokeza.

Sasa zamu yake ya kupokea pesa za chama imewadia. Kuna duka moja katikati ya jiji linalotaka kumuuzia mashine ya kunyoosha mgongo kwa Sh38,000. Akiinunua, karo ya kifungua mimba wake itasubiri. Asipoinunua, anahofia kwamba kiuno kitamshinda kabisa na kazi ya kushona imponyoke. Je, afanye nini?

Nimeona heri nimjibu hapa kwa sababu barua za namna hii huja mara nyingi. Na pia kwa sababu mimi mwenyewe, mpenzi msomaji, ni mmoja wa wagonjwa hao. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya kuketi dawatini kutwa kucha, ilifika asubuhi ambapo sikuweza kuvaa soksi bila kusaidiwa. Nikanunua mshipi mpana wa kiunoni wenye vyuma ndani yake. Niliuvaa miezi minne. Nilipouvua, tumbo lilikuwa limelegea na kiuno kilikuwa kingali kinauma vile vile. Mshipi huo ungali juu ya kabati, na mke wangu huuliza kila Krismasi kama tuutupe.

Maumivu yasiyo na jina

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo itafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hii ndiyo hali inayoongoza duniani kwa kuwazuia watu kufanya shughuli zao za kila siku.

Maumivu yakiendelea kwa zaidi ya miezi mitatu, madaktari huyaita maumivu sugu. Kwa wagonjwa tisa hivi kati ya kumi, hakuna ugonjwa mahsusi ambao daktari anaweza kuuonyesha kwa kidole. Si mfupa uliovunjika, si uvimbe, wala si viini vya maradhi. Usidhani kwamba mgonjwa huyo anajisingizia. Maumivu yake ni ya kweli, ila chanzo chake si kitu kimoja kinachoweza kukatwa au kufungwa plasta.

Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili tano kubwa, zimekaa moja juu ya nyingine. Baina ya kila mbili kuna mto wa gegedu, ndio huo uitwao diski. Kandokando kuna misuli mifupi inayozishikilia pingili hizo zisiyumbe. Mtu akiumia mara ya kwanza, misuli hiyo hukaza ili kumlinda. Hapo hakuna ubaya. Ubaya huanza pale mtu anapoogopa kuinama, akaacha kutembea, akawa analala kila nafasi anayopata. Misuli hudhoofika. Ikidhoofika, kazi ndogo huichosha. Ikichoka, huuma. Naye akiumwa, huogopa zaidi.

Wakati huo huo neva na ubongo huzoea kupiga king'ora. Ni kama askari wa lango aliyewahi kuibiwa ambaye siku hizi hupuliza kipenga kila paka akipita. Jeraha la awali huenda lilipona zamani, lakini king'ora bado kinalia. Mazoezi basi hufanya kazi mbili: huitia misuli nguvu, na humzoesha askari huyo kutambua kwamba paka ni paka.

Usitishwe na picha

Nirudi kwenye zile diski mbili za dada yetu. Mwaka 1994 madaktari nchini Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na diski angalau moja iliyotokeza. Ni asilimia 36 pekee waliokuwa na diski za kawaida kote. Yaani wengi wa watu hao, waliokuwa wakienda zao bila habari, wangepewa ripoti ya kutisha kama ile aliyopewa fundi wetu.

Diski hubadilika kadiri umri unavyosonga, kama nywele zinavyoingia mvi. Picha ina maana kubwa pale inapolingana na dalili nyingine, mathalani mguu kufa ganzi au kupoteza nguvu. Peke yake haitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa, na sidhani kuna jambo linalowafanya watu waogope kujongea zaidi ya karatasi ile waliyoibeba kwenye bahasha kubwa ya kaki.

Kuhusu kulala kitandani, wazee wetu walishauri hivyo, na madaktari pia walishauri hivyo kwa miongo mingi. Mwaka 1995 matokeo ya utafiti kutoka Helsinki, Finland, yalichapishwa. Wafanyakazi 186 wa jiji hilo waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lililala siku mbili, la pili likapewa mazoezi ya kukunja na kunyoosha mgongo, na la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake kadiri lilivyoweza kuvumilia. Kundi la tatu ndilo lililopona upesi zaidi, na lile la kitanda ndilo lililochelewa.

Utaona pia kwamba mazoezi ya siku za mwanzo, kiuno kikiwa bado kimewaka, hayakuwa na faida kuliko shughuli za kawaida. Mazoezi tunayozungumzia leo ni ya maumivu yaliyokwisha kuwa sugu.

Mashine na vyombo

Binadamu amebuni vyombo vingi vya kuunyoosha, kuuvuta na kuutia nguvu mgongo. Vingine vina historia nzuri. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, alifungiwa kambini Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Husimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili waweze kufanya mazoezi wakiwa wamelala. Baadaye alihamia New York, na mazoezi yanayobeba jina lake hufanywa hadi leo, kwa springi au kwa mkeka mtupu. Utafiti unaonyesha kwamba yanasaidia kiuno. Haujathibitisha kwamba yanashinda mazoezi mengine yanayofanywa kwa bidii ile ile, wala kwamba ile yenye springi za bei ghali inaishinda ile ya mkekani.

Katika miaka ya 1980 Mmarekani Arthur Jones, aliyekuwa amekwisha kujipatia jina kwa mashine za mazoezi za Nautilus, alitengeneza mashine ya MedX. Mgonjwa huketi, akafungwa mapaja na nyonga kwa mikanda ili visisogee, kisha akasukuma kwa mgongo kuelekea nyuma dhidi ya uzito. Hoja ya Jones ilikuwa na mantiki. Unapojiinua kwa kawaida, misuli ya makalio na mapaja hufanya sehemu kubwa ya kazi, na ile midogo ya kiuno hudanganya, kama mtoto anayeshika pembe ya meza huku wengine wakiibeba. Ukizuia nyonga, misuli ya kiuno haina pa kujificha. Chuo Kikuu cha Florida kilishiriki utafiti wa mashine hiyo, na ikabainika kwamba misuli hiyo inaweza kupata nguvu nyingi hata kwa zoezi moja kwa wiki. Lakini ni chombo cha kliniki. Si kitu cha kuwekwa chumbani kando ya kabati la vyombo, na nguvu ikiongezeka si lazima maumivu yapungue kwa kipimo hicho hicho.

Halafu kuna mpira ule mkubwa wa kukalia. Ulianza kutengenezwa Italia mwaka 1963 na Aquilino Cosani, lakini kwa kuwa wataalamu wa Uswisi ndio waliouingiza katika matibabu, Wamarekani wakauita mpira wa Uswisi. Ukiutumia kwa mazoezi ni chombo kizuri na cha bei nafuu. Kuugeuza kiti cha ofisi kutwa nzima, kama wafanyavyo baadhi ya vijana wa kampuni za kompyuta, ni jambo jingine. Hauna mgongo wa kuegemea, na sijaona ushahidi kwamba unaponya mtu.

Sasa tufike kwenye mashine aliyoonyeshwa dada wa Kariobangi. Kwa maelezo yake, ni kitanda kinachomgeuza mtu kichwa chini miguu juu ili uzito wa mwili uvute mgongo. Wapo wanaosema wanapata nafuu wakiwa humo. Nafuu hiyo aghalabu hutoweka muda mfupi baada ya kusimama, kwani uzito wa mwili hurudi pale pale. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au presha ya macho asijaribu kabisa, maana kuning'inia kichwa chini huongeza shinikizo katika kichwa na macho.

Mnamo Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Miongoni mwa mambo ambayo ilishauri wagonjwa kwa jumla wasipewe ni kuvutwa mgongo, mishipi ya kiunoni, vifaa vya kupitisha umeme kwenye ngozi, na dawa kali za jamii ya afyuni. Iliyoyaunga mkono ni pamoja na mazoezi yaliyopangwa vyema, kumwelimisha mgonjwa, kukandwa, tiba ya kisaikolojia ya kubadilisha fikra na mazoea, na dawa za kawaida za kupunguza uvimbe zikitumiwa kwa uangalifu. Niliposoma orodha hiyo nilitazama juu ya kabati.

Mgonjwa aliyelala kinyume

Kisa ninachokipenda zaidi katika elimu hii hakina mashine yoyote, isipokuwa kitanda. Mwaka 1956 mjini Wellington, New Zealand, mwanafiziotherapia Robin McKenzie alikuwa akimtibu mtu mwenye maumivu yaliyoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni. Wiki kadhaa zilikuwa zimepita bila nafuu. Siku moja alimwambia aingie chumbani alale kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande mmoja na mgonjwa wa awali. Mtu yule, bila kuuliza, akalala juu yake hivyo hivyo, mgongo ukapinda kuelekea nyuma, mkao ambao wakati ule ulidhaniwa kuwa wa hatari. McKenzie alipoingia baada ya dakika tano hivi, alishtuka. Mgonjwa akamwambia kwamba hajapata nafuu kama hiyo tangu aanze kuumwa. Maumivu yalikuwa yametoka mguuni.

Kutokana na bahati hiyo McKenzie alikuza mtindo wa kumjaribu mgonjwa kwa miendo mbalimbali na kutazama maumivu yanaelekea wapi. Maumivu yaliyokuwa mguuni yakirudi juu na kukusanyika kiunoni, hata kama hapo kiunoni yameongezeka kidogo, ni dalili njema. Yakishuka kutoka kiunoni kwenda pajani, gotini au unyayoni, mwendo huo haukufai kwa sasa. Kanuni hii itakufaa hata ukiwa nyumbani, na haigharimu hata senti.

Maji

Kwa wale ambao hata kutembea ni taabu, maji ni rafiki mkubwa. Ukisimama katika maji yanayofika kiunoni, miguu hubeba karibu nusu tu ya uzito wako. Yakifika kifuani, hubeba kama theluthi moja. Mwili wote huwa mwepesi, na hapo hapo maji huweka ukinzani kwa kila hatua, kwa hiyo misuli hufanya kazi bila kugongwa.

Watafiti nchini China walichapisha mwaka 2022 matokeo ya watu 113 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu yao walifanya mazoezi ya majini kwa saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu. Wengine walipewa tiba ya umeme wa ngozi na miale ya joto. Waliofanya mazoezi majini walipata nafuu zaidi, na mwaka mmoja baadaye tofauti ingali ikionekana.

Nairobi bwawa la kuogelea lina kiingilio, na si kila mtu anaweza kumudu mara mbili kwa wiki. Lakini wewe msomaji wa Mombasa, Kilifi au Malindi, bahari uliyo nayo hapo ni kliniki. Si lazima ujue kuogelea. Nenda na mwenzako, maji yakiwa yametulia, ingia mpaka yafike kifuani, na utembee mbele, nyuma na kwa ubavu kwa robo saa. Kisumu na kando ya ziwa sina ujasiri wa kukushauri hivyo, kwa sababu ya kichocho na viboko.

Miwani na simu

Siku hizi kuna miwani mikubwa ya kompyuta inayomtia mtu katika ulimwengu wa kubuni. Novemba 2021 wakuu wa dawa na vifaa vya tiba nchini Marekani waliidhinisha miwani ya namna hiyo kwa maumivu sugu ya kiuno. Mgonjwa huivaa kila siku kwa wiki nane, akifundishwa kupumua, kutuliza mwili na kuyatazama maumivu kwa jicho jingine. Ni tiba ya yule askari wa lango zaidi kuliko ya misuli.

Kilicho karibu nasi zaidi ni programu za simu. Nchini Denmark na Norway watu 461 walishirikishwa katika jaribio la programu iliyoitwa selfBACK, ambayo kila wiki ilimpangia mtu mazoezi, hatua za kutembea na masomo mafupi kulingana na hali yake. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliopewa simu juu ya matibabu ya kawaida walipata nafuu kuliko wale wa matibabu ya kawaida pekee, ila tofauti ilikuwa ndogo. Simu inaweza kukukumbusha. Haiwezi kukuinua kitini. Tena jihadhari na video za mitandaoni ambamo kijana mwenye misuli kama ya ng'ombe dume anakuahidi kupona kwa siku saba.

Miguu yako

Chombo kilichonishangaza kuliko vyote ni miguu. Mwaka 2024 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti kutoka Australia wa watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona kipindi cha maumivu ya kiuno. Baadhi yao walipangiwa kutembea, wakiongezewa muda hatua kwa hatua mpaka kufikia nusu saa, mara tano kwa wiki, pamoja na ushauri wa mwanafiziotherapia. Wengine hawakupewa mpango wowote. Waliotembea walikaa siku 208 kwa wastani wa kati kabla ya maumivu kurudi. Wasiotembea walikaa siku 112.

Hapo utaniambia, "Lakini mimi hutembea kila siku kwenda stejini." Ni kweli, na endelea. Ila kutembea kwa mazoezi ni kule kusikovunjwavunjwa na kusimama, mikono ikiyumba huru bila mfuko mzito begani, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kama sasa unaweza dakika tano tu, anza na tano. Wiki ijayo ziwe saba au nane. Ukishuka matatu kituo kimoja kabla ya kwako, umeanza.

Mazoezi matatu ya mkekani

Haya hayahitaji jimu. Mtaalamu Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliyepima uzito unaoangukia pingili katika miendo tofauti, ndiye aliyelifanya la kwanza lijulikane sana.

Piga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma mpaka vilingane na mgongo. Hesabu hadi nane polepole, kisha badilisha. Mgongo usibonyee wala usijikunje. Jifanye umewekewa kikombe cha chai ya moto kiunoni. Fanya mara tano kila upande.

La pili ni daraja. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage sakafu. Kaza makalio, inua kiuno mpaka mwili uwe mstari mmoja kutoka mabegani hadi magotini, hesabu hadi tano, shuka taratibu. Mara kumi zatosha.

La tatu lafuata kisa cha Wellington. Lala kifudifudi, weka viganja chini ya mabega, inua kifua kwa mikono huku nyonga zikibaki chini. Shuka. Rudia mara kumi. Ikiwa zoezi hili linayapeleka maumivu chini mguuni, liache na umwone mtaalamu. Wazee ambao mgongo huwauma wakisimama na kupata nafuu wakiketi au kuinama, pia mara nyingi hawalipendi hili, na wasilazimishwe.

Ukiyazoea, unaweza kuongeza ukinzani. Mikanda ya mpira ya rangi rangi huuzwa madukani, lakini kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kutoka kwa fundi wa mtaani hufanya kazi hiyo hiyo. Kifunge kwenye nguzo au kitasa imara usawa wa kifua, shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma ukiwa umesimama wima. Kikague kama kimepasuka kabla ya kuvuta, nami nasema haya kwa kuwa kimewahi kunichapa usoni.

Je, kuumwa wakati wa mazoezi ni vibaya? Maumivu kidogo si neno, mradi yatulie kabla ya kesho yake. Yakizidi na kukunyima usingizi, punguza nusu, usiache kabisa. Usitarajie muujiza wiki ya kwanza. Jipe wiki sita hadi kumi na mbili, mara tatu au zaidi kwa wiki.

Watafiti wa Cochrane walikusanya mwaka 2021 majaribio 249 ya mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno, wakahitimisha kwamba kwa uwezekano mkubwa mazoezi yanapunguza maumivu kuliko kukaa bila tiba. Aina zilikuwa nyingi mno. Kwa maoni yangu, zoezi bora ni lile ambalo bado utakuwa unalifanya mwezi wa sita.

Wakati wa kwenda hospitali mbio

Kuna wagonjwa ambao mazoezi si jibu lao la kwanza. Ukishindwa ghafla kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukakataa kutoka, au ukafa ganzi sehemu za siri na baina ya mapaja, au miguu ikaishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Neva zinabanwa, na kuchelewa kunaweza kuleta ulemavu wa kudumu.

Muone daktari mapema pia ikiwa una homa, unatoka jasho usiku, unakonda bila sababu, umewahi kuugua saratani, umeanguka au kupata ajali, au maumivu yanazidi usiku hata ukiwa umelala. Katika nchi yetu tusisahau kifua kikuu. Kinaweza kushambulia uti wa mgongo bila mtu kukohoa hata kidogo, na hutibika kwa dawa kikigunduliwa mapema. Wajawazito na wenye mifupa dhaifu waongozwe na mtaalamu kabla ya kuanza.

Mtaalamu huyo ni mwanafiziotherapia. Tangu sheria ya mwaka 2014, taaluma hii ina baraza lake la kuwasajili humu nchini. Uliza cheti bila haya. Kisha umtazame anavyofanya kazi. Akikulaza chini ya taa ya joto nusu saa kila juma na asikufundishe hata zoezi moja la kufanya nyumbani, tafuta mwingine.

Jibu kwa fundi wetu

Dada, lipa karo. Katika zilizobaki, tenga za kumwona mwanafiziotherapia mara mbili au tatu ili akupime mguu na mgongo na akuchagulie mazoezi. Dawa zilizokuchoma tumbo usizirudie bila kumwambia daktari kuhusu tumbo hilo, kwani baadhi ya dawa hizo huleta vidonda.

Umeuliza pia kuhusu kiti, na hili nusura nilisahau. Benchi lisilo na mgongo unalokalia libadilishe kwa kiti chenye egemeo, uweke mto mdogo au leso iliyokunjwa nyuma ya kiuno. Kama meza ya cherehani iko chini mno hata unalazimika kuinama, mwambie seremala aongeze vipande vya mbao chini ya miguu yake mpaka viwiko vyako vikae usawa wa kitambaa, na kama unatumia ile ya kukanyaga, hakikisha unyayo wote ungali unafika chini. Panga kazi ili kila baada ya nusu saa kuwe na jambo la kukuinua. Pasi ikae upande wa pili wa chumba. Uzi wa rangi nyingine uufuate dukani wewe mwenyewe, usimtume mtoto.